Anayeshona Siye Anayeunga

Mtu aliyekatika kano ya kisigino hugeuka nyuma kumtafuta aliyempiga teke. Madaktari wa mifupa wameisikia habari hiyo mara nyingi hata wameifanya kuwa mojawapo ya dalili: mgonjwa alikuwa anaukimbilia mpira, au anarukia daladala, akasikia mlio kama wa fimbo kavu inayovunjika, akahisi pigo juu ya kisigino, akageuka kwa hasira, na nyuma yake hakuna mtu. Kano nene kuliko zote mwilini, ile inayofunga misuli ya kigimbi kwenye mfupa wa kisigino, imekatika bila mkono wa mtu. Miezi kadhaa baadaye, akishapona, huyohuyo hugeuka tena kumtafuta mtendaji, safari hii ili amshukuru. Mcha Mungu atasema Mungu ndiye aliyemponya na wengine wote ni bure. Aliyehifadhi picha ya mshono kwenye simu atamtaja daktari. Mwenye kupenda mazoezi atajipongeza mwenyewe. Nataka kulijadili swali hilo la pili, la nani aliyeponya, kwa sababu naona majibu yote matatu, jinsi tunavyoyatamka kila siku, yana kosa moja: yanachukulia kupona kama kigoda, kwamba lazima awepo fundi mmoja aliyekichonga, na akitajwa huyo wengine waondoke.

Lugha yetu ina busara hapa ambayo tumeizoea mno hata hatuioni. Mtu aweza kusema, “Alitibiwa miaka miwili lakini hakupona,” na hakuna atakayeona mgongano katika maneno hayo. Kutibu ni kazi. Kuna mtu, kuna saa, kuna bili. Kupona hakuna mtendwa wala zana: mtu hupona kama embe linavyoiva. Neno kuponya lipo, lakini tazama tunampa nani: Mwenyezi Mungu, manabii, na wauza dawa wenye vipaza sauti kwenye vituo vya mabasi. Daktari mwenye adabu haliombi. Hata mganga, kwa asili ya jina lake, hadai makubwa. Kamusi za zamani hueleza kuganga kuwa ni kufunga na kushikanisha kilichovunjika, pamoja na kutibu. Kitenzi cha tatu kina hila zaidi. Fundi huunga waya, seremala huunga mbao, lakini mguu ukivunjika tunasema mfupa umeunga, wenyewe, bila kumtaja fundi. Sarufi si ushahidi wa kitabibu, najua. Kiswahili hichohicho huita mshipa karibu kila kitu kirefu chembamba kilichomo mwilini, kiwe kinapitisha damu, hisia au kinavuta mfupa, na Wagiriki wa kale walichanganya vivyo hivyo. Galeni, tabibu mkubwa wa Roma katika karne ya 2, aliogopa kushona kano kwa kuifananisha na neva, na ilipita miaka mingi kabla ya tabibu Ibn Sina, anayetajwa miongoni mwa wa kwanza kuhimiza kano zishonwe. Neno moja lililobeba mambo mawili liliacha watu vilema. Basi tusiishie kwenye maneno, twende chumba cha upasuaji.

Mgonjwa amelazwa kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. Daktari anakiminya kigimbi cha mguu mzima na wayo unajisukuma kama unaokanyaga pedeli. Anakiminya cha mguu ulioumia na wayo unabaki palepale, kwa kuwa kamba ya kuuvuta haipo. Akipasua, mara nyingi sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, mahali panapofikiwa na damu kidogo, hakuti ncha mbili safi kama za waya uliokatwa kwa koleo. Anakuta vifungu viwili vilivyochakaa, nyuzinyuzi zimetawanyika kama kamba ya katani iliyolika kwenye mwamba. Anapitisha uzi imara kandokando ya kila kipande kwa vitanzi vinavyojikaza (mshono wa Krackow, uliotangazwa 1986, ndio mashuhuri), anavuta vipande vikutane, analinganisha mkao wa wayo na ule wa mguu wa pili, anapiga fundo. Kushona kumekwisha. Na hapo, tukisema kweli, hakuna kilichounga. Uzi hauwi kano hata ukikaa mwilini miaka mia. Kinachoendelea baadaye hakina mkono wa mtu ndani yake: damu inaganda katika ule mwanya, seli zinahamia, zinafuma kolajeni ya muda, laini na iliyoelekea kila upande kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe, kisha kwa miezi, hata kupita mwaka, kolajeni hiyo inabadilishwa kidogo kidogo kwa ile ngumu zaidi, na nyuzi zake zinapangwa kufuata mwelekeo wa mvuto. Mpasuaji wakati huo ameshasahau jina la mgonjwa.

Ingekuwa mshono ndio unaoponya, asiyeshonwa asingepona. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2010 Wakanada walitangaza matokeo ya wagonjwa 144, nusu walioshonwa na nusu wasioshonwa, wote wakipewa mazoezi ya mapema yanayofanana, na hawakuona tofauti ya maana katika matumizi ya mguu. Mwaka 2022 Wanorwe walileta utafiti mkubwa zaidi katika jarida la New England Journal of Medicine: wagonjwa 526, makundi matatu kwa bahati nasibu, wasiopasuliwa, waliopasuliwa kwa mkato wa kawaida na waliopasuliwa kwa mkato mdogo. Baada ya miezi 12 wote walikuwa karibu sawa kwa kipimo walichojiwekea. Tofauti ilikuwa kwingine. Kano ilikatika tena kwa asilimia 6.2 ya wasiopasuliwa, na kwa asilimia 0.6 tu katika kila kundi la waliopasuliwa. Lakini neva ziliumia kwa asilimia 2.8 ya waliopata mkato wa kawaida na 5.2 ya wale wa mkato mdogo, dhidi ya 0.6 ya wasioguswa na kisu. Nasoma takwimu hizo hivi: kisu ni mlinzi. Kinapunguza hatari moja na kinadai malipo yake kwa hatari nyingine, na mwenye akili anaweza kukichagua au kukiacha kulingana na umri wake, kazi yake na hofu zake. Kuunga kwenyewe kulitokea pande zote mbili, kwa namna ileile.

Asomaye hapo atakimbilia kusema: kumbe mwili unatosha, tuuache. Hapana. Kano iliyokatika ikiachwa bila kushikwa, misuli ya kigimbi inavuta kipande cha juu kuelekea gotini, mwanya unapanuka, na mwili, kwa utiifu wake, unaujaza mwanya huo wote. Kano inaunga, ila ndefu kupita kiasi. Mtu anatembea, lakini akitaka kusimama kwa vidole vya mguu huo mmoja hawezi, kamba imelegea. Mwili unajua kuunga na haujui urefu. Urefu ni lazima uletwe na mwingine: kwa uzi, au kwa plasta iliyofungwa wayo ukiwa umeelekezwa chini kama wa mtu anayechungulia juu ya ukuta, kisha buti lenye kabari chini ya kisigino zinazopunguzwa moja moja kadiri wiki zinavyokwenda. Na mwili haujui mwelekeo vilevile, mpaka uelekezwe kwa mzigo. Zamani wagonjwa walikalishwa na plasta wiki nyingi bila kukanyaga. Sasa tunajua kwamba nyuzi mpya hujipanga kwa kuvutwa, hivyo mgonjwa hukanyagishwa mapema, kwa kipimo. Mzigo usipokuwepo kano inabaki dhaifu. Ukizidi mapema, inarefuka au inakatika. Hapa ndipo kazi ya binadamu ilipo, na si ndogo: kushika, kupima, kuchagua saa. Ni kazi ya mkulima, na mkulima haotishi mahindi. Anapalilia.

Kuna jambo jingine kuhusu kano hii ambalo lingepaswa kumnyamazisha yeyote anayejigamba. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitumia kaboni ya mionzi iliyotapakaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo iliingia katika vyakula na kuacha alama ya mwaka ndani ya miili ya watu. Walipopima kano za visigino waligundua kwamba kiini chake hufumwa katika miaka 17 hivi ya mwanzo wa maisha, na baada ya hapo hakifumwi upya kwa kiasi cha kupimika. Misuli hujibadilisha, kiini cha kano hakibadiliki. Mwalimu wa miaka 50 anayepanda ngazi za shule anasimamia kamba iliyosokotwa alipokuwa mwanafunzi, kwa chakula alichopikiwa na mama yake. Kitu hicho ambacho kwa miaka 30 hakikuhangaika kujitengeneza, siku kikikatika, sehemu hiyo ya mguu inaanza kufuma. Hakuna aliyeiamuru, wala mwenye mguu hajui jinsi ya kuamuru. Kila tulicho nacho katika jambo hili, kano ya kwanza na ya pili pia, tumekipokea kabla hatujaombwa maoni.

Wazee wa fikra waliliona hili bila maabara. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, ndiye anayehesabiwa kuwa aliieleza kano ya kisigino iliyokatika mwaka 1575, na ndiye huyohuyo anayekumbukwa kwa kusema kwamba yeye alifunga jeraha tu, aliyeponya ni Mungu. Sidhani alikuwa anajinyenyekeza kwa adabu ya kasri la mfalme. Nadhani alikuwa anaeleza kwa usahihi alichokiona. Thomas wa Akwino, karne tatu kabla yake, alimfananisha mwalimu na tabibu: mwanafunzi huelewa kwa akili yake mwenyewe kama mgonjwa anavyopona kwa nguvu iliyomo ndani yake, na anayetoka nje, awe tabibu au mwalimu, huisaidia nguvu hiyo na kuipa vifaa. Tabibu kwake ni mhudumu wa maumbile. Mimi ningeongeza tu kwamba mhudumu akikosea, bwana wake anapotea njia, na kano ndefu ni ushahidi.

Sasa pingamizi. La kwanza linatoka kwa wacha Mungu: ikiwa kupona ni zawadi, kukimbilia kisu na plasta si upungufu wa imani? Pingamizi hili lina majibu ya kale katika dini zote mbili kubwa za kwetu. Mtume Muhammad alipoulizwa kama watu watafute dawa aliwaambia watafute, kwa kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Na kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kinaagiza tabibu aheshimiwe kwa sababu ujuzi wake umetoka kwa Mungu. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, katika mlango wa tawakkul (kumtegemea Mungu) ndani ya kitabu chake Ihya, anamzungumzia mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula naye hanyooshi mkono kwa kudai anamtegemea Mungu, na anakiita kitendo hicho wazimu. Lakini kano ya kisigino inaongeza sababu ya pekee ya kuhadhari, nayo ni kwamba inadanganya. Maumivu makali yakishapita, aliyekatika kabisa anaweza kutembea kwa kukanyaga wayo wote, maana misuli mingine midogo inaubeba wayo kwa shida. Tarehe 12 Aprili 2013, Kobe Bryant, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Los Angeles Lakers, alikatika katikati ya mchezo, akasimama kwenye mstari, akarusha mitupo miwili ya adhabu na yote ikaingia, akatoka uwanjani kwa miguu yake. Alipasuliwa kesho yake. Mtu wa namna hiyo akipandishwa jukwaani kwenye mkutano wa maombi, akatupa magongo na kutembea mbele ya umati, kila mmoja atakuwa ameona kweli anatembea, na bado ushuhuda utakuwa wa uongo, na muda mzuri wa kuileta kano katika urefu wake utakuwa unapita. Mimi ninayemwamini Mungu anayeponya sina haja ya kumsaidia kwa ushuhuda usiopimwa kwa kuminya kigimbi.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, na ni gumu zaidi. Umeshaeleza damu, seli na kolajeni, atasema mpinzani. Mungu amebaki na kazi gani? Mjadala huu nao ni wa zamani. Al-Ghazali alidai kwamba moto na kuungua kwa pamba havina kifungo cha lazima. Tumezoea kuviona pamoja, na kila kuungua ni tendo jipya la Mungu. Ibn Rushd, ambaye alikuwa tabibu, alimjibu kwamba anayefuta sababu za vitu anafuta na akili inayozijua. Kwa suala la kano, namuunga mkono Ibn Rushd: fiziotherapia yote imejengwa juu ya imani kwamba nyuzi zitafuata mvuto kesho kama zilivyoufuata jana, na anayesema huenda zisifuate hawezi kumwandikia mgonjwa ratiba ya wiki 12. Hata hivyo, kueleza jinsi kano inavyounga hakumfanyi mtu kuwa ndiye aliyeiunga. Anayejua kila hatua ya usagaji wa chakula bado amelishwa. Kano haithibitishi kuwa Mungu yupo, na mhubiri anayeitumia hivyo anaibebesha mzigo kabla ya wiki zake. Inachothibitisha ni kwamba nafasi ya fundi mkuu haijakaliwa na yeyote kati yetu, na asiyeamini anaweza kulikubali hilo bila kusali. Tofauti yetu ni kwamba yeye akishukuru anashukuru hewani, nami naona shukrani isiyo na anwani ni jambo la ajabu. Najua hoja hiyo haitamshawishi, na sina nyingine.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniuma: wale wasiopona sawasawa. Wengi, washonwe wasishonwe, hubaki na kigimbi chembamba na nguvu pungufu katika mguu ule, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 30, hata baada ya kufuata kila zoezi. Kevin Durant, mchezaji mwingine wa mpira wa kikapu, aliyekatika Juni 2019 huko Toronto, alikaa nje msimu mzima na kurudi Desemba 2020 akicheza vizuri. Wengine wenye madaktari walewale na fedha zilezile hawakurudi walivyokuwa, sembuse fundi wa mtaani aliyefungwa plasta na kurudi juu ya dari baada ya wiki tatu kwa sababu watoto lazima wale. Kama kupona ni zawadi, mbona inagawiwa hivi? Jibu la haraka, kwamba aliyebaki anachechemea alipungukiwa na imani au bidii, nalikataa kabisa. Ni jeraha la pili juu ya la kwanza. Kitabu cha Mwanzo kina kisa cha Yakobo, aliyeshindana usiku kucha na mtu asiyemjua, akaguswa kwenye nyonga, akapata jina jipya na baraka, na jua likamchomozea akichechemea. Hakuna aya inayosema mguu ule ulikuja kupona. Wayahudi hadi leo hawali mshipa wa paja wa mnyama kwa ajili ya usiku ule, na baadhi ya wafasiri wa Qur'ani wanasimulia kwamba Yakubu alijinyima chakula fulani kwa sababu ya maumivu ya mguu. Mila mbili zinakumbuka mguu wa babu huyo mezani, na hakuna hata moja inayosema alipungukiwa. Sijui kama hilo linamtosha fundi wa dari. Linatosha kumzuia jirani yake asimhukumu.

Mafakihi wa Kiislamu waliotunga hukumu za mgonjwa mwenye plasta walilielewa jambo hili, kwamba kupona hakumo mikononi mwetu, kwa njia ya kazi yao. Anayetawadha huosha miguu hadi vifundoni, na zipo hadithi kali kwa wanaoacha visigino vikavu. Lakini kisigino kilichofungwa hakioshwi. Hupanguswa juu ya plasta kwa mkono wenye maji, na madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yanaongeza tayamamu. Kupangusa juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, kumewekewa muda: siku moja kwa aliyeko mjini, tatu kwa msafiri. Kupangusa juu ya plasta hakukuwekewa saa wala siku. Ni hadi apone. Sheria inayohesabu rakaa, siku na tone la maji, hapa haikutaja tarehe. Bima ina tarehe, klabu ina tarehe, bosi ana tarehe. Fakihi aliinua kalamu. Siku plasta ikifunguliwa, ngozi ya kisigino huwa imepauka na kujikusanya magamba, kigimbi kimenywea, na wayo bado umeelekea chini kwa mazoea. Mgonjwa anaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na bomba, anauinua mguu kwa mikono miwili kama wa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi maji yanafika kisiginoni.